Shajara ya mradi: kipandikizi cha titani cha tundu la jicho, kutoka picha ya CT hadi chumba cha upasuaji

Ingizo la 1. Mipaka ya kazi

Mradi unahusu sakafu ya tundu la jicho pamoja na ukuta wa upande wa pua, upande wa kushoto, katika jeraha la zamani ambalo mifupa yake imeshaungana vibaya. Hapa ndipo kipandikizi cha kipimo cha mtu mmoja kinapostahili gharama na muda wake. Mvunjiko mdogo wa sakafu ambao kingo zake bado zimesimama hutibika vizuri kwa wavu wa titani wa kawaida, unaokatwa na kukunjwa pale pale mezani. Mtoto ambaye mfupa wake umepasuka, ukarudi mahali pake na kuubana msuli, hawekwi kwenye foleni ya kiwanda: msuli ule unakosa damu, na anatakiwa apasuliwe haraka iwezekanavyo.

Hesabu inayoongoza kila uamuzi wa mradi ni hii. Tundu la jicho la mtu mzima lina ujazo wa karibu ml 30. Jicho lenyewe huchukua karibu ml 7, na nafasi iliyobaki ni ya mafuta, misuli, neva na mishipa ya damu. Tundu likipanuka kwa ml 1, jicho huzama nyuma kwa takriban mm 0.8 hadi 1. Likizama zaidi ya mm 2, kila anayemtazama mgonjwa ataona. Sasa chukua bamba la sakafu lenye eneo la cm² 6 likakaa mm 1 chini ya pale linapotakiwa: tayari ml 0.6 zimeongezeka, na karibu robo ya nafasi tuliyo nayo imekwisha kabla kosa jingine halijaingia.

Kwa hiyo kipimo cha kukubali au kukataa kimewekwa tofauti kwa mbele na nyuma. Karibu na ukingo wa tundu, tofauti ya mm 1 inavumilika. Nusu ya nyuma haina uvumilivu huo, kwani pale sakafu huinuka nyuma ya jicho na kukutana na ukuta wa pua, na mwinuko huo ndio unaolisukuma jicho mbele. Bamba linaweza kupendeza ukingoni, skrubu zikakaa sawasawa, na jicho bado likabaki limezama kwa sababu sentimita ya mwisho ya nyuma imeachwa tambarare.

Ingizo la 2. Picha

Maagizo kwa chumba cha picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazotoka kipande kwa kipande, yameandikwa na kubandikwa. Vipande vya mm 0.5 hadi 0.75, na kamwe visizidi mm 1. Mashine isiinamishwe. Eneo la picha lichukue paji la uso, mifupa yote miwili ya mashavu na taya ya juu, maana upande mzima ndio utakaogeuzwa kuwa kiolezo cha upande ulioumia. Mgonjwa atulize macho. Chuma chochote kinachoondoleka mdomoni kiondolewe.

Tunaomba seti mbili kutoka skani ileile: moja yenye kichujio kikali cha mfupa, nyingine yenye kichujio laini. Ile kali humwonyesha daktari nyufa vizuri, lakini ina chembechembe nyingi zinazochafua uso wa modeli. Modeli hujengwa kutoka ile laini. Faili ziwe za DICOM kamili, muundo wa faili za picha za hospitali. Picha zilizohifadhiwa kama picha za kawaida hazina vipimo ndani yake, wala hazina thamani za HU (kipimo cha jinsi kila tishu inavyozuia eksirei), kwa hiyo hazitumiki. Faili zikifika, jambo la kwanza ni kuhesabu vipande na kuhakikisha nafasi kati yao ni sawa. Kipande kimoja kikikosekana katikati, programu nyingi huunganisha vilivyobaki bila kulalamika, na tundu linatoka fupi.

Ingizo la 3. Kutenganisha mfupa

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda, na ulistahili kwenda.

Kizingiti cha kawaida cha mfupa, kuanzia HU 226 kwenda juu, kinatoa ukingo wa tundu na mfupa wa shavu bila shida. Ukuta wa pua hautoki. Unene wake ni mm 0.2 hadi 0.4 tu, ilhali vokseli yetu, yaani mchemraba mdogo kabisa wa picha, ina mm 0.5. Vokseli moja inabeba mfupa kidogo, hewa ya sainasi (uwazi wenye hewa ndani ya mifupa ya uso) upande mmoja na mafuta ya tundu upande wa pili. Wastani wa vitu hivyo vitatu huanguka chini ya kizingiti, na ukuta ambao upo mzima kabisa unaonekana kwenye modeli umejaa vitobo. Sakafu hufanya hivyohivyo pale ilipo nyembamba.

Kushusha kizingiti kwa picha nzima ni njia ya mkato yenye madhara. Vitobo vinazibika, lakini utando uliovimba wa sainasi na kingo za misuli huungana na mfupa, ukuta unanenepa, na tundu linaonekana dogo kuliko lilivyo. Kipandikizi kitakachotoka hapo kitamsukuma mgonjwa jicho mbele kupita kiasi.

Utaratibu tuliobaki nao: kizingiti cha kawaida kwa mifupa minene, kisha kuta nyembamba zinachorwa kwa mkono kipande baada ya kipande. Alama ya kufuata si mfupa bali mpaka. Mafuta yako karibu HU −100 na hewa karibu HU −1000. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba mstari kati yao unasomeka hata pale mfupa wenyewe hauonekani. Mchoro unafanywa kwenye vipande vya kulala, kisha unakaguliwa kwenye vipande vya kusimama vya pande zote mbili. Asiyekagua pande zote atapata ukuta wenye ngazi ngazi.

Mbinu hiyo hufaulu kwenye upande mzima. Upande ulioumia, sainasi ikiwa imejaa kamasi au damu, mpaka wa hewa haupo tena na mkono wa mchoraji unakisia. Ndiyo sababu upande ulioumia tunauchukulia kama ramani ya mfupa uliobaki imara tu, na umbo la kurejesha linatoka upande wa pili.

Tahadhari kuhusu kulainisha: kila mzunguko wa kulainisha uso wa modeli hupunguza vilele na kujaza mabonde. Kwenye tundu la jicho, kilele kinachopungua kwanza ni ule mwinuko wa nyuma. Kulainisha kumewekewa kikomo, na baada yake muhtasari wa modeli unarudishwa juu ya picha za DICOM na kulinganishwa. Ukiachana na mfupa kwa zaidi ya nusu ya vokseli, modeli inarudi nyuma hatua moja.

Ingizo la 4. Kuakisi upande mzima

Upande wa kulia umeakisiwa kuvuka katikati ya uso. Kuakisi peke yake hakutoshi: hakuna uso ulio sawa pande zote mbili, na pua, ambayo wengi huifanya mstari wa katikati, mara nyingi imepinda yenyewe, hasa kwa mtu aliyewahi kuumia usoni. Baada ya kuakisi, modeli imesogezwa hadi ikalale juu ya mifupa ya kushoto isiyoguswa na jeraha: paji, kitako cha fuvu, na ukuta wa nyuma wa upande wa sikio. Mfupa wa shavu hautumiki kulinganishia iwapo nao ulivunjika, kwa sababu utavuta umbo zima kuelekea kosa lake.

Kisha inachorwa ramani ya rangi ya umbali kati ya modeli hizo mbili. Kwenye mfupa mzima tunakubali hadi mm 1. Ikizidi hapo, kulinganisha kunarudiwa.

Kama matundu yote mawili yameumia, hakuna cha kuakisi. Njia iliyopo ni kutumia umbo la wastani lililojengwa kutoka mafuvu mengi, likarekebishwa hadi lishike mifupa iliyobaki. Mradi huu haujaingia huko.

Ingizo la 5. Umbo la bamba

Unene uliochaguliwa ni mm 0.4. Chini ya mm 0.3 leza inayoyeyusha poda ya titani tabaka kwa tabaka (Ingizo la 7) hushindwa kujenga ukuta unaoaminika, na kwenye unene wa mm 0.6 bamba linaanza kula nafasi isiyo na sababu. Umbo limechorwa ili uso wa juu wa bamba, ule unaotazama jicho, ndio ufuate umbo lililoakisiwa. Ukifanya uso wa chini ndio ufuate, unene wote wa chuma unaingia ndani ya tundu. Kwa bamba la cm² 10 ni ml 0.4. Si kidogo kwa hesabu ya Ingizo la 1.

Egemeo la nyuma limepewa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwenye mivunjiko mikubwa, kipande kinachobaki imara nyuma ni ncha ndogo ya mfupa wa kaakaa, katika kona ya sakafu na ukuta wa pua. Kwa watu wazima wengi iko karibu mm 35 nyuma ya ukingo wa chini, lakini kila mgonjwa hupimwa mwenyewe. Bamba linatakiwa lipumzike juu ya ncha hiyo kwa mm 2 hadi 3. Likiwa fupi, mwisho wake utadumbukia ndani ya sainasi na tundu litabaki limepanuka pale pale lisipotakiwa kupanuka. Likiwa refu, linasogelea mfereji wa neva ya jicho. Kwa ukuta wa pua vipimo vya wastani vinavyotumika vinaanzia kwenye tuta la mfupa lililo mbele ya kishimo cha mfuko wa machozi: mm 24 hadi mshipa wa kwanza wa damu unaopenya ukuta, mm 12 zaidi hadi wa pili, na mm 6 zaidi hadi mfereji wa neva. Ni wastani tu. Kikomo cha bamba kimewekwa kwa kupima kwenye picha za mgonjwa, na hakuna sehemu ya chuma inayovuka pale ulipo mshipa wa pili.

Mambo mengine ya umbo, kwa ufupi. Kingo zote zimeviringwa, kwa sababu ukingo mkali huwasha tishu na hunasa mafuta wakati wa kuingiza. Vitobo vya kupitisha damu na majimaji viko katikati ya bamba, vichache na vya mviringo. Wavu wenye matundu mengi wazi huruhusu kovu kupenya na kushikamana na misuli. Kuutoa baadaye ni kazi ngumu, na jicho linaweza kukosa mwendo. Mbele, vidole viwili vya bamba vinakunjwa juu ya ukingo wa tundu na kuishia upande wa ndani wake, ili mgonjwa asihisi chuma chini ya ngozi. Vitobo vya skrubu ni vitatu, kwa skrubu za mm 1.5 zenye urefu wa mm 4 hadi 5. Viwili hutumika na cha tatu ni akiba. Pale neva ya shavu inapopita chini ya sakafu, bamba limeinuliwa kidogo lisiikandamize.

Juu ya uso wa bamba imechongwa mistari miwili myembamba na nukta tatu. Ncha ya kifaa cha uelekezaji ikiwekwa kwenye nukta, kompyuta inaonyesha kama nukta hiyo iko pale ilipochorwa. Bila alama hizo, daktari anaona bamba limekaa lakini hana cha kumwambia limekaa wapi.

Ingizo la 6. Jaribio la kukaa kwenye modeli ya resini

Kabla ya chuma, fuvu limechapwa kwa resini, na bamba pia kwa resini. Toleo A lilikaa vizuri mbele likayumba nyuma. Sababu ilionekana kwa kupaka wino wa kugusia: bamba liligusa kwanza tuta kati ya sakafu na ukuta wa pua, likazunguka juu yake, na mwisho wa nyuma ukabaki hewani. Toleo B limeondolewa mguso kwenye tuta hilo kwa kuacha nafasi ya mm 0.3, na sasa uzito unabebwa na sehemu tatu: ukingo wa mbele, egemeo la nyuma, na mfupa imara juu ya ukuta wa pua. Sehemu tatu hazitikisiki.

Tatizo la pili la toleo A halihusu kukaa bali kuingia. Bamba la sakafu na ukuta wa pua kwa pamoja lina umbo la herufi L, na mlango wa kuingilia ni mkato mwembamba ndani ya kope ya chini. Kwenye fuvu tupu linaingia kwa urahisi unaodanganya. Fuvu lilipowekewa jicho la silikoni na mafuta ya kuigiza, bamba lilikwama kwenye ukingo na kulisukuma jicho. Toleo C limegawanywa vipande viwili: cha ukuta wa pua huingia kwanza, cha sakafu hufuata, na ulimi wa cha pili hukaa kwenye mfereji wa cha kwanza. Kiungo kina nafasi ya mm 0.15. Ukikibana zaidi hakifungi, maana uso wa chuma kilichochapwa huwa na mkwaruzo. Ukikilegeza zaidi, vipande vinacheza.

Toleo C limepitishwa.

Ingizo la 7. Kuchapa titani

Poda ni Ti-6Al-4V, aloi ya titani yenye alumini na vanadi, ya daraja lenye oksijeni kidogo, chembe za mikroni 15 hadi 45, tabaka za mikroni 30. Chemba imejazwa argoni na oksijeni inashikiliwa chini ya asilimia 0.1. Titani ya moto hufyonza oksijeni, na chuma kilichofyonza oksijeni huwa kigumu lakini huvunjika upesi. Bamba lenye unene wa mm 0.4 halina akiba ya kuvumilia hilo. Kila chapa inasindikizwa na vijiti vya kupimia nguvu vilivyojengwa kwenye sahani ileile, na poda iliyokwisha kutumika huchujwa na kupimwa oksijeni kabla ya kurudi mashine.

Mkao wa bamba kwenye sahani umeamuliwa na swali moja: nguzo za kushikilia zitagusa upande gani? Zimewekwa upande wa sainasi. Upande unaotazama jicho unabaki bila alama za nguzo na hutoka laini zaidi. Bamba limesimamishwa karibu wima, kwani sehemu yoyote iliyolala chini ya nyuzi 45 huhitaji nguzo na huwa na mkwaruzo zaidi upande wake wa chini.

Kosa kubwa la hatua hii ni haraka. Leza hupasha na kupoza chuma mara maelfu, na mkazo unajikusanya ndani ya bamba jembamba. Likikatwa kutoka kwenye sahani kabla ya kutulizwa kwa joto, hujikunja lenyewe, na mara nyingi mwisho wa nyuma ndio unaoinuka. Kwa hiyo sahani nzima, bamba likiwa bado limeshikamana nayo, huingia tanuru yenye ombwe kwa nyuzi 800 za Selsiasi kwa saa 2, hupoa humohumo ndani, ndipo hukatwa kwa waya. Tanuru yenye hewa ya kawaida haifai hata kidogo.

Vitobo vya skrubu hutoka vidogo kuliko vilivyochorwa, kwa hiyo hupitishiwa kekee hadi mm 1.7 na kukatiwa mwinamo wa kichwa cha skrubu. Baada ya nguzo kuondolewa, bamba hupulizwa chembe laini na kung'arishwa kwa umeme. Kung'arisha huondoa mikroni kadhaa kila upande. Unene wa mwisho unapimwa kwa maikromita sehemu tano, na umbo lote linaskaniwa na kulinganishwa na faili la mchoro. Kikomo ni mm 0.2 nyuma, mm 0.3 kwingineko.

Ingizo la 8. Usafi

Poda iliyonasa kwenye kiungo cha vipande viwili ndiyo hatari kuu hapa. Chembe iliyoshikamana nusu inaweza kung'oka ndani ya tundu. Vipande husafishwa vikiwa vimeachana, kwenye maji yenye mawimbi ya sauti, maji hubadilishwa hadi yabaki safi, kisha kila kona hutazamwa kwa hadubini. Vinapelekwa kwenye otoklevu vikiwa bado vimeachana: mvuke wa nyuzi 134, kwa mzunguko uliothibitishwa kwa chombo hicho. Pamoja navyo huenda modeli ya fuvu inayovumilia joto hilo, ili daktari ailinganishe mezani.

Ingizo la 9. Mazoezi ya chumba cha upasuaji

Mazoezi yamefanywa kwenye modeli yenye tishu za kuigiza, pamoja na timu nzima ya nusukaputi. Utaratibu uliokubaliwa ni huu.

Kabla ya kisu, jicho linashikwa kwa koleo na kuzungushwa taratibu pande zote, ili mwendo wake wa kuanzia ujulikane. Jaribio hilo linarudiwa bamba likishawekwa, na tena kabla ya kufunga. Jicho likikwama baada ya bamba kuwekwa na halikukwama kabla, tishu imenaswa chini ya ukingo: bamba linatoka, tishu inaachiliwa, linarudi. Hakuna kuendelea kwa matumaini.

Mlango ni utando wa ndani ya kope ya chini, ukiendelezwa hadi kona ya upande wa pua. Utando wa mfupa unainuliwa taratibu kutoka kwenye mfupa imara kuelekea kwenye kovu. Kinyume chake hupoteza njia. Msaidizi anayeinua jicho hupumzisha mkono kila baada ya muda, na mboni hutazamwa. Kuvuta misuli ya jicho kunaweza kuyapunguza mapigo ya moyo ghafla. Mwenye nusukaputi akisema "achia", kila kifaa kinatoka na kazi inasimama hadi mapigo yarudi.

Egemeo la nyuma linatafutwa kwa macho na kuguswa kwa ncha ya kifaa, na uelekezaji unathibitisha. Huu ndio wakati ambao wengi hukata tamaa mapema: kovu linafunga njia, bamba linaonekana kutosha, na mwisho wake unaachwa ukiegemea tishu laini. Kwenye mazoezi tuliweka sharti kwamba skrubu ya kwanza haiingii hadi nukta zote tatu zimesomwa na ya nyuma iko ndani ya mm 1 ya mchoro. Baada ya skrubu, skani ya hapohapo mezani inachukuliwa. Bamba lililokaa vibaya ni rahisi kurekebishwa mgonjwa akiwa bado amelala kuliko kumrudisha siku nyingine.

Baada ya upasuaji, uwezo wa kuona na mboni hukaguliwa mara kwa mara katika saa za mwanzo. Maumivu makali, jicho kutokeza na kuwa gumu, uoni kufifia: ni damu inayovilia nyuma ya jicho hadi ithibitike vinginevyo, na kona ya nje ya kope hufunguliwa palepale kitandani kupunguza shinikizo. Retina haivumilii kukosa damu zaidi ya dakika 90 hadi 120, kwa hiyo picha haisubiriwi. Mgonjwa anaonywa asipenge kamasi kwa wiki kadhaa, kwani hewa ya sainasi husukumwa ndani ya tundu.

Ingizo la 10. Yaliyobaki

Karatasi ya idhini ya mgonjwa inaandikwa upya iseme wazi kwamba kuona vitu viwili viwili kunaweza kubaki hata tundu likirejeshwa kikamilifu, kwa sababu misuli yenye kovu hairekebishwi na chuma, na kwamba ganzi ya shavu inaweza kuchukua miezi kupungua.

Kiungo cha vipande viwili kinapimwa uchovu kwenye mashine ya kutikisa. Hadi matokeo yatoke, toleo C linabaki kwenye modeli.

Fomu ya ufuatiliaji imekamilika: nafasi ya jicho kwa kipima cha Hertel (kifaa kinachopima jicho limetokeza au kuzama kiasi gani), ramani ya kuona vitu viwili katika pande zote za kutazama, na CT moja ya kupima ujazo wa matundu yote mawili kwa njia ileile ya mchoro wa mkono iliyoelezwa kwenye Ingizo la 3. Vipimo vitafanywa na mtu ambaye hakuchora bamba.